Sikuwa nakula nyasi

Najua wengi wenu mmeshaiona ile video: mimi nimeinama kwenye tuta la maua la watu, makalio juu, na chini yake kumeandikwa "Mtanzania kapata malisho Bogotá". Aliyeirusha ni jamaa yangu wa Mombasa, huyo huyo aliyekuja kwangu siku ile kunisaidia kubeba viazi, akala bakuli mbili, akaondoka na parachichi langu mfukoni. Haya, sasa msikie kwa mhusika.

Mimi naishi Bogotá, Colombia, na mama mkwe wangu anakaa Tunja, kule juu mkoa wa Boyacá. Ni mama wa ruana, lile vazi la sufu kama blanketi la mabegani, na maneno machache, anayemwita kila mtu "sumercé" kwa heshima, hata paka. Tangu tuhamie nyumba hii hakuwahi kula kwetu, na mke wangu akampigia simu kumwahidi kwamba Jumamosi mkwewe atampikia ajiaco, ule mchuzi mzito wa kuku na viazi ambao watu wa Bogotá wanauona kama urithi wa familia. Kwetu sisi, mwanamume na mama mkwe hata kupishana mlangoni kuna adabu zake. Mimi tayari nimeshatangazwa mpishi.

Jikoni kwetu kulikuwa na sufuria mbili, mwiko wa ugali niliotoka nao Lushoto, na chupa ya pilipili. Basi.

Tukaenda soko la Paloquemao. Ajiaco inataka viazi vya aina tatu, na hapo hakuna njia ya mkato. Criolla ni vile vidogo vya njano, kazi yake ni kufa: vinayeyuka vyote mpaka mchuzi unakuwa mzito. Pastusa vinavunjika nusu. Sabanera vinabaki na umbo lake, ili mgeni asije akasema amenyweshwa uji. Mimi mtoto wa Lushoto, viazi nimevibeba kichwani kabla sijajua kusoma, lakini yule mama muuzaji aliponiuliza nataka vingapi vya kila aina nilibabaika. Anapima kwa libra, ambayo pale sokoni ni nusu kilo kamili. Jamaa yangu, aliyekuwa anahangaika na pauni za Kiingereza kwenye simu, akaambiwa airudishe mfukoni.

Kwa kuwa tumeshafika, nikasema nijaze kabati kabisa. Panela, ambayo ni sukari guru yetu ila iko kwenye mabonge magumu ya kuvunjia nyundo. Achiote, nayo ni mzingifuri, ule ule wanaowapaka watalii midomoni kwenye mashamba ya viungo Unguja. Bizari nyembamba. Ndizi mzuzu. Vitunguu vya majani na nyanya za kutengenezea hogao, ile rojo wanayomwagia karibu kila kitu. Giligilani, krimu, mahindi mabichi ya punje nene, na kichupa cha alcaparras, vichipukizi vya maua vilivyolowekwa kwenye siki, ambavyo bei yake sitaitaja maana mke wangu anasoma hapa. Nikanunua molinillo ya kuchapia chokoleti. Nikanunua na bakuli nyeusi za udongo za La Chamba, kule Tolima, kwa sababu ajiaco kwenye sahani ya plastiki ni matusi.

Unga wa arepa, vile vimkate bapa vya mahindi, niliuchukua kwa heshima zote. Zamani nilijifanya mjuaji, nikatumia unga wa mahindi wa kawaida, wa ugali. Kumbe unga wa arepa mahindi yake yameshapikwa kabla ya kusagwa, ndiyo maana ukitia maji ya vuguvugu na chumvi unashikana. Ule mwingine haushikani hata uubembeleze. Arepa zangu tulizila kwa kijiko. Hilo halina video, tuliache.

Sasa tufike kwenye majani.

Ajiaco bila guascas si ajiaco, hilo kila mtu atakuambia. Muuzaji akaninyooshea fungu. Nikalitazama. Jamani, yale majani nayajua! Kijani laini, kaua kadogo chenye petali tano nyeupe na kitovu cha njano. Ni lile gugu! Limejaa kwenye matuta ya kabeji Lushoto, likizo zangu zote za shule nimeling'oa kwa mikono, bibi kasimama nyuma yangu na fimbo. Wataalamu wanaliita Galinsoga parviflora, kwao ni huku huku Amerika Kusini, limezunguka dunia nzima bila viza hadi likafika shambani kwa bibi yangu. Na leo mtu ananiuzia mimi!

"Nunua bwana, majani yenyewe bei ya kikombe cha kahawa," jamaa yangu akasema.

Kweli ilikuwa bei ya kikombe cha kahawa. Lakini mwanamume lazima awe na msimamo. Nikamwambia yule mama asante, hapana. Akacheka, akaendelea kutufungia mifuko.

Msimamo wangu ulikuwa na hesabu zake: mbele ya jengo letu kuna tuta la maua, na gugu hilo nimeliona pale, linakanyagwa tu. Tukafika nyumbani, nikabandika kuku. Bogotá iko kama mita 2,600 juu ya usawa wa bahari, maji yanachemka kabla ya kufika nyuzi mia, kwa hiyo kuku naye haivi kwa haraka zako. Nikaona muda ninao. Nikashuka.

Mvua ilikuwa imetoka kunyesha. Nikapiga magoti. Shida ya majani haya yakiwa machanga ni kwamba yana ndugu wengi wanaofanana nayo, kwa hiyo unavunja, unafikicha, unanusa. Nikavunja, nikanusa. Nikasogea kwa magoti na mikono, nikavunja, nikanusa. Rundo langu likaanza kuonekana la maana. Jani moja likanitia shaka, nikaliweka mdomoni nikatafuna kidogo.

Hapo ndipo video inapoanza. Sikuwa nakula. Nilikuwa naonja. Wenye kupika mnaelewa.

Nikiwa pale chini nikaona viatu. Viatu vya kike, vyeusi, vya ngozi, vimepigwa rangi vikang'aa. Juu yake soksi nzito. Juu yake pindo la sketi ya kijivu. Juu yake pindo la ruana. Sikupandisha macho zaidi, nilishajua huko juu kuna nani. Basi la Tunja nilihesabu litaingia saa saba. Hii ilikuwa saa sita kasoro.

Mkono umejaa majani. Mdomo umejaa majani. Nikameza.

Sasa niwape kitu ambacho jamaa yangu hakukiandika, kwa sababu hakijui. Mwaka tuliooana, mke wangu alikuja Lushoto, nami nikamfundisha apige goti akiwaamkia shangazi zangu. Alilipiga vizuri mpaka vigelegele vikasikika bondeni. Aliporudi akamsimulia mama yake, kwa madoido, kwamba kwa kina mumewe mkubwa anasalimiwa kwa magoti. Mama akalihifadhi moyoni.

Kwa hiyo mama hakuona mtu anayechunga kwenye bustani ya watu. Aliona mkwe aliyetoka nje kumsubiri kwenye baridi, katika tope, kapiga magoti yote mawili na mikono juu yake. Akashika kifua. Akasema taratibu, "Ay, sumercé." Akaweka sanduku chini. Akampa mlinzi mkono amshike.

Akaanza kushuka.

Nyie, yule mama magoti yake ni mabovu, ngazi tu anazipanda kwa kumtaja Bikira Maria. Goti la kulia likatangulia, nikalisikia likilia. Mlinzi anamwambia doña, doña, tafadhali. Mimi natikisa kichwa kwa nguvu, maneno hayatoki, kuna bua limekwama kooni. Nikisimama, nimemwacha mkwe chini peke yake. Nikibaki, anaendelea kushuka. Kwa akili yangu ya wakati ule nikaamua kuinama zaidi. Naye akaona kumbe ndivyo inavyotakiwa, akainama zaidi. Goti la kushoto likatua. Tukawa uso kwa uso, kipaji kwa kipaji, ruana imefunika maua yote ya mwenye jengo.

"Shikamoo," ikanitoka. Kwa Kiswahili.

"Amén," akajibu.

Ingeishia hapo ningesamehe. Ila mbwa wa ghorofa ya tatu, ambaye huo ndio wakati wake wa kutoka, akaja moja kwa moja kwenye lile tuta, kwa hatua za mtu anayekwenda kwenye choo chake cha siku zote. Akatupita sote wawili. Akafika kwenye rundo langu. Akanusa, kama nilivyonusa mimi. Akainua mguu.

Mama mkwe akalitazama rundo. Kisha akanitazama meno.

"Guascas?" akauliza.

Nikakubali kwa kichwa. Sikuwahi kumwona akicheka kabla ya siku ile, na sasa hakuweza kuacha, na kwa kuwa anacheka hakuweza kusimama. Ikabidi mke wangu ashuke. Mlinzi kashika huku, mke wangu kashika kule, mimi nasukuma kwa heshima kutoka mahali ambapo mkwe hapaswi kusukuma. Jamaa yangu wa Mombasa yuko dirishani na simu.

Nilipiga mswaki. Nikarudia. Jamaa akamwaga mfuko wa viazi kwenye sinki, na chini kabisa kukawa na fungu la guascas limefungwa kwa uzi, nyongeza ya bure ya yule mama muuzaji, anatia tu kwa kila anayenunua viazi vya ajiaco. Mama mkwe naye akafungua sanduku, akatoa guascas kavu za kutosha mwaka mzima. Ajiaco ilitoka safi, sabanera zikabaki na umbo, mama akala akaomba tena. Ndiyo hivyo.

Jumapili alirudi Tunja. Mke wangu anasema huko kanisani imeshatangazwa kwamba hakuna mkwe mwenye adabu Boyacá nzima kama yule Mwafrika, na dada wawili wa mama nao wanataka kuja kusalimiwa. Wanakuja Desemba, tutapika tamales, zile za unga wa mahindi zinazofungwa kwa majani ya mgomba. Pale mapokezi ya jengo letu kuna mgomba wa mapambo kwenye chungu kikubwa. Tangu juzi, kila nikipita na mfuko wa sokoni, mlinzi anakivuta kiti chake anakiweka karibu nao.