Chumvi, si ugali
Ndugu mwandishi, makala yako inawashauri wenye shinikizo la damu waache ugali, wale uji wa shayiri na mafuta ya zeituni. Hapa Bukavu nilijaribu kwa mwezi mmoja, nikashindwa kwa bei na, nakiri, kwa ladha. Kilichonifaa ni kuibadili sahani yangu ileile: ugali wa muhogo usiozidi ngumi, lengalenga (mchicha) nyingi, na sambaza wabichi, dagaa wa Ziwa Kivu, ambao huliwa wazima pamoja na mifupa, badala ya makayabu, samaki wa kukaushwa kwa chumvi. Shirika la Afya Duniani linataka chumvi isifike gramu 5 kwa siku, na vile vidonge vya mchuzi tunavyovivunjia viwili viwili ndani ya sombe (kisamvu) navyo vinahesabiwa.