Chumvi ya Bibi

Nilikuwa nimewaalika wanafunzi wangu wa kidato cha nne uani kwa bibi yangu, mtaa wa Mkomani, Lamu, waone jinsi DNA ya mnyama inavyofumuka kwa joto, yaani nyuzi zake mbili zilizosokotana zinavyoachana. Maini ya mbuzi niliyaponda, nikayatia sabuni ya maji ili utando wa seli upasuke, na maji ya nanasi ili zisagike protini ambazo DNA huzizunguka ndani ya kromosomu. Spiriti baridi ilipoingia, nyuzi nyeupe zilipanda juu, nikazizungushia kijiti na kuzihamishia katika sufuria ya maji matamu, yakawa yanavutika kama bamia.

Maabara hupima kufumuka huko kwa mwanga wa urujuanimno wa nanomita 260, ambao DNA iliyofumuka huufyonza zaidi. Mimi nilikuwa na kijiko: utelezi ukikatika, nyuzi zimeachana.

Chumvi sikuitia, na kwa makusudi. Mgongo wa kila uzi umejaa fosfeti zenye chaji hasi zinazosukumana, na chumvi ndiyo huzituliza. Ikikosekana, nyuzi mbili huachana upesi. DNA ya ndama, katika maji yenye chumvi kiasi, hufumuka kwenye selsiasi 87 hivi, nami nilitaka yangu isifike hata 75, kwa kuwa makaa yalikuwa haba.

Nilipotoka mlangoni kuwapokea wanafunzi na kurudi, nilimkuta bibi ameinamia jiko, amejidondoshea matone kiganjani, analamba.

“Mjukuu wangu, mchuzi wa maini gani huu, hauna chumvi wala nazi?”

Kabla sijajibu, konzi nzima ya chumvi ilikuwa imekwisha kuzama.

Kipimajoto kilifika 75, nikainua kijiko, utelezi ukaning'inia. Kilifika 80, ukaning'inia vilevile. Kwenye 87 mwanafunzi mmoja aliuliza, kwa adabu zote, kama mbuzi huyu alikuwa wa chuma. Nilieleza kwamba, kati ya besi nne zinazounganisha nyuzi hizo mbili, A na T hushikana kwa vifungo viwili vya hidrojeni, G na C kwa vitatu, hivyo penye A na T nyingi ndipo hutangulia kufunguka. Maelezo sahihi kabisa, ila mbuzi hakuyajali.

Tulipepea makaa hadi maji yakakaribia kutokota, ndipo kijiko kilipopanda kikichuruzika maji matupu, na wanafunzi wakapiga makofi. Bibi, ambaye alikuwa amekwisha kukuna nusu ya nazi, alichungulia sufuriani, akaguna.

“Mmeuacha motoni mpaka umekuwa maji. Sasa hata tui halitausaidia.”