Kama wote ni wa chama kimoja, mnachagua nini?

Swali hilo aliniuliza mama kwa simu, mwishoni mwa Februari 2020. Nilikuwa jikoni kwangu hapa Minneapolis, Marekani, karatasi ya mfano ya kura ya mchujo, ile ambayo wapiga kura wa kawaida humchagua mgombea wa chama, iko mezani pembeni ya bakuli la uji, majina 15 ya wanaoutaka urais kupitia chama cha Democratic. Jibu la haraka sikuwa nalo.

Nilikuwa nimebakiza wawili, Bernie Sanders na Elizabeth Warren. Wote maseneta, wote wanataka bima ya afya ya serikali kwa kila mtu, wote wanataka matajiri watozwe kodi ya mali. Ikabidi nisome kama mtu anayetaka kusaini mkataba wa kupanga nyumba. Madeni ya wanafunzi: Sanders anafuta yote, Warren anakomea dola 50,000, tena kwa kuangalia kipato. Bima: Sanders anataka sheria moja ibadilishe kila kitu, Warren anaanza na hatua ya kati, iliyobaki aimalizie baadaye. Mimi nahudumia wazee, najua zamu inavyovurugika utaratibu ukibadilishwa kwa pupa. Nikampa Warren.

Nyumbani Tanzania kazi hiyo ya kuchuja wagombea hufanywa na vikao vya chama. Julai 2015 nilikuwa likizo Morogoro, kwa baba mdogo, mwenye kadi ya CCM tangu chama kinazaliwa 1977. Makada 42 walichukua fomu za kuwania urais, 38 wakarudisha. Baba mdogo alikuwa na mtu wake, anamtetea kwa mifano mpaka chai inapoa. Kamati Kuu ikatoa tano bora, jina halimo. Halmashauri Kuu ikabakiza watatu, na Mkutano Mkuu pale Dodoma ukampitisha Magufuli kwa kura 2,104. Baba mdogo akazima redio. "Haya, tumeshapewa," akasema, akaenda kumwagilia mchicha.

Huambiwa kwamba wanachama wote wakipiga kura, chama kitagawanyika makundi. Sawa, lakini mwaka ule kura hazikupigwa na wanachama wote na makundi yalikuwepo vilevile: Lowassa, waziri mkuu wa zamani, alikatwa, na kabla Julai haijaisha alikuwa Chadema, chama cha upinzani. Kwa maoni yangu aliyekatwa na kikao hubaki na dukuduku, na wafuasi wake pia, kwa sababu hakuna aliyewaonyesha hesabu.

Huku nako si peponi. Amy Klobuchar, seneta wetu wa Minnesota, alijitoa Machi 2, kura ni kesho yake. Mwenzangu kazini alikuwa ameshampigia mapema kwa posta, na muda wa kubadilisha umepita. Kura yake ikamwangukia mtu ambaye hayumo tena! Alinuna zamu nzima. Biden akachukua jimbo, Sanders wa pili, Warren wangu wa tatu. Siku mbili baadaye naye akajitoa.

Baba mdogo alipiga simu wiki hiyohiyo, anacheka. "Kumbe na huko wanakatwa."

"Huyu tumemkata sisi, baba. Na asilimia zake ninazo hapa."

Akanyamaza kidogo. "Hebu nisomee."

Nikamsomea, jimbo moja baada ya jingine, mpaka salio likaisha.