Mzee anayelijua ziwa naye alipwe

Huku Missouri, Marekani, kuna kazi ambayo nikiwasimulia watu wa nyumbani wanadhani natunga. Mtu anaamka alfajiri, anawapeleka wageni mtoni, anawaonyesha samaki walipo, jioni samaki wote wameachiwa majini, anarudi bila hata mmoja na mfukoni ana mamia ya dola. Amelipwa kwa kilichomo kichwani mwake.

Nimeshinda na mmoja wao kwenye Jacks Fork, mto wa milima ya Ozark wenye maji maangavu hadi unaona kokoto. Samaki anayetafutwa ni besi wa mdomo mdogo, mwenye rangi ya shaba. Si mkubwa, lakini akinasa anapigana kwa nguvu zote na kuruka juu ya maji. Wanamvua kwa ndoano iliyovikwa manyoya ifanane na kamba wa mtoni, chakula anachokipenda. Mwongozaji wangu alikuwa anasoma mawe, vivuli, na pale mkondo wa kasi unapopakana na maji yaliyotulia. Akisema tupa pale, samaki yupo. Kuna sehemu alikataa kabisa tusitupe mshipi: dume alikuwa analinda kiota kwenye changarawe, na ukimtoa, samaki wengine wanamaliza mayai kwa dakika chache.

Nilifurahi sana, halafu hasira ikanipanda. Elimu hiyohiyo anayo baba mdogo wangu, mvuvi wa Ukerewe, Ziwa Victoria. Anajua sangara wanajificha mwamba gani upepo ukigeuka, anajua sato wanachimba viota mchanga upi. Malipo yake ni kilo, na bei anapanga mwenye mzani. Akirudi mtumbwi mtupu, ujuzi wa maisha yake yote haununui hata kikombe cha chai.

Najua mtakachosema. "Ameshiba huko, sasa anatufundisha kuachia samaki." Sijasema hivyo! Sato ni mboga, ni ada ya shule. Mimi mwenyewe nimesomeshwa na dagaa. Nazungumzia malipo ya mtu. Yule wa Jacks Fork naye anakula kutokana na samaki, ila samaki yuleyule atamlisha tena wiki ijayo.

"Huko wana pesa." Pesa hizo walikubaliana kuzitoa. Mwaka 1976 wapiga kura wa Missouri walipitisha kodi yao wenyewe: ukinunua bidhaa za dola 8, senti moja inakwenda kutunza samaki, misitu na wanyamapori. Kwenye vipande maalumu vya mito, ruhusa ni besi mmoja tu kwa siku, asiyepungua inchi 15. Na nimeona watu wakimpima kwa rula, afisa hayupo. Hilo ndilo linaloniuma, kwa sababu na sisi tuna sheria ya kutovua sangara asiyefika sentimita 50, na mwaloni, pale mitumbwi inapofikia, kila mtu anajua makokoro, nyavu haramu za kuburuta, yanalala nyumba ya nani. Operesheni ya 2018 dhidi ya uvuvi haramu ilichoma nyavu. Sawa, zilichomwa. Mzee aliyekuwa anaheshimu viota miaka yote alipata nini?

Wala msiniambie haya ni mambo ya wazungu. Kilimanjaro mgeni hapandi bila mwongozaji, na kijana wa Marangu anajenga nyumba kwa kuijua njia. Najivunia hilo, nawasimulia hata wenzangu kazini huku. Mlima tumeuelewa, simba tumemwelewa. Hata Rubondo, kisiwa cha humohumo Ziwa Victoria na hifadhi ya taifa tangu 1977, wageni wanalipa kuvua sangara kwa ndoano. Kwa hiyo tunaweza. Kinachokosekana ni kumtambua mvuvi wa kijijini kuwa mtaalamu, mwenye leseni ya uongozaji na bei yake ya siku, asiyengoja mzani.

Mpeni baba mdogo leseni hiyo, halafu tuone nani atathubutu kuburuta kokoro juu ya viota vya sato mbele yake.