Sikulamba Sakafu

Kwanza kabisa, sikulamba sakafu. Najua mmeshasimuliwa, na msimuliaji namjua: alikuwa mlangoni mwa maabara na simu mkononi, na badala ya kuja kunisaidia akawa anatafuta pa kusimama ili picha itoke vizuri. Nilikuwa nimepiga magoti natafuta tone. Kutafuta na kulamba ni mambo mawili.

Tone lenyewe lilikuwa kingamwili ya p-ERK. Kwa mliojaliwa kazi nyingine: ERK ni protini ya kupitisha habari ndani ya seli. Ishara ya kukua ikigonga nje, ERK inabandikwa fosfati mbili, moja kwenye threonini ya 202 na nyingine kwenye tirosini ya 204, ndipo inaamka na kuanza kuzisukuma protini nyingine. Kingamwili hii ERK iliyolala haiitaki kabisa, inashika yenye fosfati tu. Ndiyo maana friza yake ina kufuli. Kichupa chetu kilikuwa na mikrolita 100, hazijazi hata kijiko cha chai. Unachota 10, unachanganya kwenye mililita 10 za bafa, yaani maji ya chumvi ya maabara, unalowekea utando wenye protini usiku kucha kwenye baridi. Kwa hiyo kichupa kimoja ni tando kumi. Hesabu hiyo ishikeni.

Kichupa kilikuwa kipya, kimesafiri kichwa chini ndani ya boksi la barafu. Dawa yenyewe nusu ni gliseroli, haigandi hata nyuzi 20 chini ya sifuri, lakini inanata balaa. Ikilala kichwa chini inahamia yote kwenye kifuniko na kutulia humo. (Wapo wanaosema kichupa huzungushwa kwanza kwenye mashine sekunde chache ili kila kitu kishuke. Wote hao wamesema baada ya tukio.)

Haya. Nikaweka kidole gumba chini ya kifuniko. Kikagoma. Nikaongeza nguvu. Kikagoma. Mwenzangu pale mlangoni akasema, "Taratibu, dada," na huo ndio mchango wake wote kwa sayansi siku ile.

Pa!

Jamani, nililiona. Tone zima liliruka, likang'aa chini ya taa, likavuka ndoo ya barafu, likatua kwenye mkono wa koti langu jeupe. Likakaa. Mimi na lenyewe tukatazamana. Kisha likaanza kuteremka, polepole, maana gliseroli hainaga haraka. Nikanyakua pipeti kwa mkono wa pili, nikalifukuzia. Nikavuta: hewa. Nikavuta tena: uzi wa koti. Huku kitambaa kinakunywa, tando ya kwanza hiyo, ya pili hiyo, ya tatu... Likafika kwenye pindo, likaning'inia. Nikakinga kiganja. Likapita pembeni ya kiganja.

Sakafu yetu nyeupe. Gliseroli haina rangi. Msiniulize tena kuhusu magoti.

Nikiwa chini hivyo nikaona viatu. Viatu vya Dokta.

"Unatafuta nini?"

"Kingamwili, Dokta."

"Ipi?"

"P-ERK."

Akanyamaza muda mrefu. "Yote?"

"Hapana, Dokta, nyingine ipo." Tukapima iliyobaki chini ya kichupa. Mikrolita 4.

Mengine yalikwenda haraka. Kwenye friji kulikuwa na p-ERK iliyokwishatumika, imechanganywa na albumini, mtu mwenye busara aliihifadhi badala ya kuimwaga. Nikatumia hiyo. Seli zilizopewa EGF, ile ishara ya kukua, kwa dakika 5 zikatoa mistari miwili kwenye utando, ya uzito wa kilodaltoni 44 na 42, hafifu lakini yote ipo. Zisizopewa kitu, kweupe. ERK ya jumla, iliyolala na iliyoamka, ikatoka sawasawa kote, kwa hiyo protini haikupungua popote. Dokta akaitazama picha, akaguna, akaagiza kichupa kingine. Ufunguo wa friza sasa anakaa nao yeye.

Na huyu mpiga picha wenu? Jana usiku kaniandikia kwa heshima zote, "dada yangu kipenzi," ana tando mbili zinasubiri, anaomba mikrolita 20 tu za p-ERK. Nimemjibu koti liko kwenye ndoano, akakamue mwenyewe.