Usinunue rangi ya maji kwa jina lake

Programu za simu za kupangia rangi za maji, zile za kuchorea picha, zimekuwa nyingi. Unaingiza kila tyubu uliyo nayo, unaipa nafasi kwenye paleti, yaani sahani ya kuwekea rangi, iliyochorwa kwenye skrini, kisha unaweza kuzichambua: zipi zinapitisha mwanga, zipi zinaziba karatasi, zipi zitapauka. Nimezitumia, na msimamo wangu ni kwamba vile visanduku vya rangi vinavyong'aa kwenye simu ndivyo vyenye faida ndogo kuliko vyote. Faida ya kweli ni kwamba huwezi kuijaza programu ya namna hii vizuri mpaka uigeuze tyubu na kusoma maandishi madogo ya nyuma.

Katika maandishi hayo kuna namba ya pigmenti, yaani ule unga wa rangi uliosagwa na kuchanganywa na gundi. PB29, PR108, PY154. P ni pigmenti, herufi inayofuata, moja au mbili, inataja kundi (B bluu, R nyekundu, Y njano, V zambarau, Br kahawia), na tarakimu zinaitambulisha pigmenti yenyewe kwa mujibu wa orodha ya Colour Index, iliyoanza kuchapishwa Uingereza miaka ya 1920. Jina la mbele ni la biashara, na kampuni ina uhuru nalo. Winsor Blue, Phthalo Blue na Intense Blue zinasikika kama rangi tatu, lakini zigeuze: zote ni PB15. Anayezinunua zote tatu akidhani anatanua paleti amelipia bluu moja mara tatu, tena huenda kwa vityubu vya mililita 5 alivyomwagiza jamaa anayesafiri.

Kinyume chake kipo pia. Payne's Grey ni jina moja lenye mapishi mengi. Ya kampuni hii inaelekea bluu, ya ile inaelekea nyeusi. Na ukiona Hue mwishoni mwa jina, kama Cobalt Blue Hue, tegemea kwamba kobalti halisi, PB28, haimo, umepewa mchanganyiko wa bei nafuu unaoifanania. Sina ugomvi na mchanganyiko huo. Ninachotaka ni mnunuzi ajue alichoweka mfukoni.

Ukishazizoea namba, tabia za rangi zinaacha kuwa mambo ya kukariri. Chembe za PB29, ile ultramarine, hukusanyika na kutuama kwenye vishimo vya karatasi, ndiyo maana inaacha chengachenga. Chembe za PB15 ni ndogo mno, zinajipenyeza kwenye nyuzi. Ukitaka kutoa wingu kwa kuifuta mbingu na tishu, doa linakugomea. Kwa mbingu ya kufutwafutwa, basi, chagua PB29. Ichanganye hiyohiyo na burnt sienna, ile kahawia ya udongo yenye PBr7, upate kijivu chenye chengachenga, na kwa kuta za mawe ya matumbawe na chokaa za Mji Mkongwe wa Zanzibar sijaona mchanganyiko unaokishinda. Ajabu ni kwamba ultramarine zamani ilikuwa rangi ya matajiri, ikisagwa kutoka jiwe la lapis lazuli la Badakhshan, Afghanistan. Mfaransa Guimet alipoweza kuitengeneza kiwandani miaka ya 1820, bei iliporomoka, na leo ni miongoni mwa bluu za bei ya chini dukani. Gundi inayoushika unga wa rangi nayo ni utomvu wa mti wa jamii ya migunga. Sudan ndiyo muuzaji mkubwa duniani, lakini hukusanywa hata Turkana na Isiolo, kwa hiyo huenda unachora na kitu kilichotoka jirani kikazunguka Ulaya kabla ya kukufikia.

Tabia ninayoipa uzito kuliko zote ni kupauka. Mnunuzi wa kanga huuliza kama inachuja kabla hajatoa hela. Mchoraji ananunua nyekundu ya kupendeza wala haulizi lolote kuhusu jua. Winslow Homer, mchoraji mkubwa wa rangi za maji wa Marekani, alichora mwaka 1887 picha ya mkulima kijana shambani ambayo sasa iko kwenye jumba la sanaa la Art Institute of Chicago. Mbingu yake leo inakaribia kuwa nyeupe. Watafiti wa jumba hilo walipoichunguza walikuta mabaki madogo ya rangi yaliyoonyesha kwamba pale palikuwa na machweo mekundu na ya machungwa. Tumeishi na picha nyingine kabisa tukidhani ni ile aliyoichora.

Tena si kwamba hili halikujulikana. Ripoti ya wanasayansi Russell na Abney iliyotolewa Uingereza mwaka 1888 ilionyesha kwa majaribio kwamba mwanga unaziharibu rangi nyingi za maji. Hata hivyo Alizarin Crimson, nyekundu ya PR83 inayojulikana wazi kwa kupauka, bado inauzwa. Hapa ndipo programu inapojilipa: tafuta PR83 kwenye orodha yako, itoe kwenye paleti ya picha za kuuza, weka PV19 mahali pake.

Ila namba nazo zina mipaka yake, na programu nyingi hazikwambii. PBr7 ni raw sienna, burnt sienna na umber pia; kinachozitofautisha ni udongo wenyewe na moto uliopita. PV19 inaweza kuwa waridi au zambarau kutegemea umbo la fuwele zake. Na ile waridi kali inayoitwa Opera mara nyingi huandikwa PR122, pigmenti imara tu, lakini mwako wake unatoka kwenye rangi ya fluoresenti ambayo jua linaila upesi. Anayesoma namba peke yake ataiona salama.

Kuhusu kuchanganya rangi ndani ya simu, naona ni mchezo wa watoto. Skrini ni mwanga. Programu ikichukua wastani wa bluu na njano za skrini inakupa kijivu, ilhali brashi ingekupa kijani. Hesabu bora zaidi zipo, zile za Kubelka na Munk za mwaka 1931 zinazofuata jinsi rangi inavyonyonya na kutawanya mwanga, na programu zinazozitumia zinakaribia ukweli, lakini hata hizo hazijui karatasi yako inanyonya kiasi gani, wala kwamba rangi ya maji ikikauka inafifia kidogo. Kipande cha karatasi ileile unayochoria, kilichopakwa kutoka nzito hadi nyepesi na kuandikwa namba pembeni, kinaishinda skrini yoyote. Gawa kipande kingine mara mbili, nusu ikae dirishani penye jua, nusu kitabuni. Ngoja miezi.

Kuna jambo moja la pwani ambalo sijaliona kwenye programu yoyote. Baadhi ya kampuni, kama M. Graham na Sennelier, hutia asali ili rangi isikauke ikapasuka. Ulaya ni sifa. Dar es Salaam au Mombasa, msimu wa mvua, rangi hiyo inabaki nata kwenye paleti, ukiinamisha begi inatiririka hadi kwa jirani yake, na ukifunga paleti ikiwa mbichi utaikuta na ukungu. Mimi kwenye sehemu ya maelezo ya kila tyubu naandika kama ina asali, tarehe niliyoifungua, na kama imewahi kuota ukungu. Yenye asali naibana kutoka kwenye tyubu siku ya kuchora, kiasi cha kazi hiyo tu, na paleti nailaza wazi usiku kucha karibu na feni.