Foleni ya Moyo: Kipi Kinafaa Kulipiwa Hospitali Binafsi?

Mgonjwa wa moyo hakai kwenye foleni moja. Anasubiri kwanza kuonwa na daktari bingwa, halafu kipimo cha eko (picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti), pengine na anjiografia (picha ya mishipa ya moyo), na mwisho anasubiri matibabu yenyewe, yawe ya kuzibua mshipa au ya kufungua kifua. Kila hatua ina tarehe yake. Lakini familia inapojadili kumhamishia mgonjwa hospitali binafsi, foleni hizi zote huhesabiwa kuwa moja. Kwa sababu hiyo wapo wanaomaliza akiba yao kulipia kitu ambacho kingeweza kungoja, na wapo wanaofariki wakingojea kitu ambacho hakikupaswa kungojewa.

Mshtuko wa moyo tuuondoe kabisa kwenye mjadala huu. Kifua kikibana kama kimewekewa jiwe, maumivu yakapanda taya au kushuka mkono, jasho likatoka na pumzi ikakatika, hapo hakuna kulinganisha hospitali. Msuli wa moyo unakufa kadiri mshipa unavyoendelea kuziba. Miongozo ya tiba inataka mshipa uliozibwa kabisa uzibuliwe ndani ya dakika 120 tangu ugonjwa utambuliwe, na pasipowezekana mgonjwa apewe mapema dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda. Nenda panapofikika haraka, iwe ya umma au binafsi.

Ugumu uko kwa yule ambaye kifua kinambana akipanda ngazi na kutulia akipumzika, hali ikiwa vilevile kwa miezi. Huyu ndiye mteja mkubwa wa hospitali binafsi, na ndiye anayeambiwa kwamba mishipa yake imeziba kwa asilimia fulani na stenti, kijibomba kinachoshikilia mshipa ubaki wazi, inaweza kuwekwa wiki hiihii. Nani asiogope? Utafiti wa ISCHEMIA, uliochapishwa mwaka 2020, ulifuatilia wagonjwa 5,179 wa aina hii katika nchi 37. Nusu walianzishiwa dawa peke yake, nusu wakaongezewa anjiografia na, ilipowezekana, stenti au upasuaji. Baada ya miaka takribani mitatu, idadi ya waliofariki au kupata mshtuko wa moyo haikutofautiana kwa kiasi cha maana kati ya makundi hayo. Kwa hiyo hofu ya kwamba kila siku ya kungoja stenti ni siku ya kucheza na kifo, kwa mgonjwa huyu, haina msingi mkubwa, mradi anameza aspirini, dawa ya kushusha kolesteroli na dawa za kutuliza kifua, na ameacha sigara.

Hata hivyo si haki kuutumia utafiti huo kumnyamazisha kila anayelalamikia foleni. Waliokuwa na maumivu ya mara kwa mara walipata nafuu zaidi baada ya kuzibuliwa mishipa. Mwaka 2017 watafiti wa Uingereza walikuja na jaribio la ORBITA: wagonjwa 200 waliokuwa tayari kwenye dawa, baadhi wakawekewa stenti na wengine wakafanyiwa utaratibu wa kuigiza bila kujua. Muda wa kutembea kwenye mashine ya mazoezi haukutofautiana sana. Mwaka 2023 timu hiyohiyo ilirudia jaribio kwa wagonjwa 301 walioachishwa dawa za maumivu ya kifua, na safari hii stenti ilipunguza maumivu. Maumivu yakikuzuia kufanya kazi, kulipia nafuu ni uamuzi wa busara kabisa. Ila ujue unalipia nafuu, si miaka ya kuishi. Tena watu walioziba mshipa mkuu wa kushoto wa moyo au ambao moyo wao umedhoofika sana hawakuingizwa kwenye ISCHEMIA, hivyo majibu yake si yao.

Kwenye valvu, yaani milango ya damu ndani ya moyo, mambo hugeuka. Valvu ya aota, ambayo damu hupitia kutoka moyoni kwenda mwilini, ikisinyaa sana na mgonjwa akaanza kuzimia, kuishiwa pumzi au kuumwa kifua, dawa haiifungui. Tangu madaktari wa moyo wa Marekani, Ross na Braunwald, waandike mwaka 1968, madaktari wanajua kwamba dalili hizo zikishaanza, mgonjwa asiyetibiwa amebakiwa na miaka michache tu, na akishafikia moyo kushindwa kusukuma damu ni takribani miwili. Miezi mingi ya kungoja hapo ni sehemu kubwa ya uhai wake. Vivyo hivyo mtoto mwenye tundu kubwa kati ya vyumba vya chini vya moyo: akicheleweshwa mno, mishipa ya mapafu hukakamaa, na upasuaji ambao ungemponya huwa hauwezekani tena. Kwa wagonjwa hawa mimi nisingesita kusema lipa, kama unaweza.

Lakini lipia wapi? Hospitali binafsi hulipwa kwa kila inachofanya, na hilo lina mvuto wake hata kwa daktari mwaminifu. Halafu vyumba vizuri si kipimo cha upasuaji wa moyo. Ningeuliza wanafanya upasuaji wa aina hii mara ngapi kwa mwaka, nani yuko zamu usiku damu ikivuja, na bei waliyotaja inaishia wapi mgonjwa akihitaji wiki ya pili ya uangalizi maalumu. Aliyewekewa valvu ya chuma atatumia dawa ya kuzuia damu kuganda maisha yake yote, na damu yake lazima ipimwe mara kwa mara. Kazi hiyo mara nyingi humrudia daktari wa umma, ambaye hana hata nakala ya ripoti ya upasuaji.

Ndiyo maana naona fedha kidogo ikitumika mapema ina faida kuliko fedha nyingi ikitumika mwishoni. Kulipia kumwona bingwa na kupima eko, kisha kurudi na majibu hospitali ya umma, humweka mgonjwa kwenye foleni inayomstahili. Wapo wanaoita hii kuruka foleni, na hoja yao ina uzito. Eko ikionyesha valvu imesinyaa vibaya, kusogezwa mbele ni sahihi, maana foleni ya moyo hupangwa kwa hatari na si kwa tarehe ya kufika. Dhuluma iko kwa mwingine mwenye valvu ileile mbovu aliyebaki nyuma kwa kuwa hakuna aliyempima, na pengine bingwa ambaye angempima asubuhi ndiye anayewapima wanaolipa jioni. Huyo hasaidiwi na mimi kukataa kipimo changu. Anasaidiwa eko ikitangulizwa kwenye foleni ya umma, kabla ya miezi ya kungoja bingwa badala ya baada yake.